Fomu Iliyonuka Mbangara

Walinipa dakika tano za kumsifu marehemu Mwalimu Jeremia. Jina langu lilichapishwa katika ratiba ya mazishi bila mimi kuulizwa, kati ya salamu za mchungaji mstaafu na salamu za walimu wazee: "Mwalimu Dorika Wakesho, mwalimu mwenzake." Binti yake, ambaye sasa ni nyanya mwenye wajukuu, alinipigia simu siku mbili kabla akasema, "Mama, wewe ndiye umebaki unayemjua tangu zamani. Tuelezee tu vile Baba alikuwa." Nikamwambia sawa. Basi nilipoitwa, pale Mwatate chini ya hema, watu wakijipepea na ratiba zenye picha yake na maneno "Baba wa Elimu", nilisimama nikasema, "Mwalimu Jeremia alikuwa na mwandiko mzuri sana. Mungu amlaze anapostahili." Nikakaa. Wengine waliitikia amina. Jirani yangu wa kiti aliniinamia akaniuliza kama nimeshikwa na kizunguzungu. Sikuwa na kizunguzungu. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko vijana wote waliokuwa nyuma ya hema wakikoroga pilau. Nimerudi nyumbani nikaona kwamba nisipoiandika nitazikwa nayo, na siku hiyo mtu mwingine atapewa dakika tano aseme nilikuwa mpole.

Mwaka ninaoueleza ulikuwa katika miaka ya hamsini ikielekea mwisho. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja, nimemaliza sekondari ya bweni, nafundisha hesabu katika shule ya misheni mjini Voi, na hedimasta wangu alikuwa huyo Jeremia. Nilipanga chumba nyuma ya nyumba za reli. Ukuta mmoja ulikuwa wa mabati, ukichomwa na jua tangu saa tatu asubuhi, na ukuta wa pili ulikuwa wa mbao tu, zilizonitenga na Mama Mutua, mke wa mfanyakazi wa reli kutoka Ukambani. Kitanda cha kamba, meza moja, kiti kimoja, sanduku la nguo, na vumbi jekundu ambalo hata ufagie mara ngapi ulilikuta limerudi kukungoja. Kwenye zile mbao hapakuwa na siri. Nikikohoa, Mama Mutua alinipa pole. Nikikokotoa hesabu kwa sauti, kama nilivyozoea, nilimsikia akimwambia mgeni wake, "Huyo ni mwalimu. Anaongea na namba. Hana wazimu, ni masomo tu." Jumamosi alinigongea ubao akiniletea isio kwenye sufuria ndogo, mahindi na kunde zilizoiva mpaka zikapasuka, akasimama mlangoni kuhakikisha nimekula. Nilimpenda yule mama, na ninamtaja mapema ili msomaji asidhani kwamba mwaka ule wote nilizungukwa na watu wa aina moja.

Tangazo lilibandikwa ukutani ofisini mwezi wa Januari. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilikuwa kinatoa skolashipu ya miaka mitatu, na maombi yalipitia chuo kikuu cha nchi jirani, ambako kulikuwa na kamati ya kuyachuja. Nafasi ilikuwa moja kwa Pwani nzima. Niliandika barua ya kuomba fomu siku hiyohiyo, wakati wa mapumziko, nimesimama. Fomu ilipofika ilikuwa na kurasa nne za karatasi nzito ya rangi ya maziwa, na juu kabisa ilipigwa muhuri wa namba. Barua iliyokuja nayo ilisema wazi kwamba kila mwombaji anapewa nakala moja, na ikipotea au kuharibika hakuna nyingine. Ukurasa wa kwanza ulikuwa wa jina na alama za mitihani. Wa pili ulikuwa wa ruhusa ya mzazi au mlezi. Wa tatu uliuliza unataka kusoma nini na kwa nini. Wa nne ulikuwa wa mkuu wa shule, aandike kuhusu akili yako na tabia yako, kisha atie sahihi.

Ukurasa wa tatu niliuandika rasimu mara tisa. Kwetu Chawia mashamba yako mtelemko, na maji ya kumwagilia yanashuka kwa mfereji mmoja ambao watu wanaupokezana kwa zamu. Zamu ilipimwa kwa kivuli: jua likifika hapa maji ni yako, likifika pale ni ya jirani. Kila mwaka watu wa chini walilia kwamba wanapunjwa, na kila mwaka watu wa juu waliapa kwamba hawaibi. Nilipokuwa na miaka kumi na sita, wakati wa likizo, nilichukua debe na saa ya kuazima, nikapima debe linajaa kwa muda gani juu, katikati na chini. Nikaona kwamba hakuna aliyekuwa anaiba. Maji yalikuwa yanapotea njiani, yakinywewa na udongo, kwa hiyo zamu zilizo sawa kwa kivuli hazikuwa sawa kwa maji. Wa chini alihitaji muda mrefu zaidi, na mtu aliweza kukokotoa ni mrefu kiasi gani. Nilitaka kwenda kusoma hesabu za maji yanavyokwenda. Nilitaka hilo kuliko mume, kuliko nyumba, kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kukitaka, na sioni aibu kulisema hilo sasa.

Ukurasa wa pili ndio ulionipandisha milimani. Baba alikuwa ameshafariki, na mlezi wangu alikuwa kaka yake mkubwa, baba mkubwa Maghanga, ambaye hakujua kuandika lakini angeweza kuweka dole gumba. Nilipata lori mpaka Mwatate, nikapanda kwa miguu, fomu nimeifunga ndani ya kitambaa na kuibana kwapani. Ukungu wa Chawia ulinikuta nusu ya njia, nikahema kwa furaha baada ya joto la Voi. Mama mkubwa alinipikia kimanga, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja mpaka mwiko unasimama wenyewe, tukala. Kisha nikamweleza baba mkubwa habari ya masomo. Aliuliza ni mbali kiasi gani. Nikamwambia ni meli, wiki kadhaa. Aliuliza kama kuna Mdawida mwingine, mtu wa kabila letu, huko. Nikamwambia sijui. Akaenda jikoni, nami nikamsikia akimuuliza mkewe, "Ni karatasi inatangulia, halafu yeye ndiyo afuate?" Mama mkubwa akamjibu, "Si ndivyo amesema? Karatasi kwanza." Nilitabasamu peke yangu pale nilipokaa. Nilidhani mzee anajitahidi kuelewa mambo ya ofisi.

Kwetu, mtu mkubwa akiwa na kinyongo nawe, haitoshi akuambie nenda salama. Kinyongo kikibaki moyoni mwake kitakufuata njiani, hata kama yeye mwenyewe hapendi kikufuate. Kwa hiyo kabla ya safari anakutasia. Anachukua funda la mbangara, ile pombe ya muwa, au maji ya muwa ambayo hayajachacha, au maji matupu kama hana kingine, analipuliza mbele yako liwe mnyunyizo, anasema kama nilikuwa na hasira naitoa, anapuliza tena. Wakati huo wewe umenyamaza. Mzee akiwa na funda mdomoni humsemeshi, hata nyumba iwe inaungua. Kanisa liliuita ushenzi, na Wakristo wengi wa milimani walikwenda kanisani Jumapili na kutasiwa Jumatatu, kila mtu akijua na kila mtu akifumba macho.

Baba mkubwa aliweka dole gumba vizuri kabisa, mahali pake, kwa wino niliokuja nao. Nikanyoosha mkono nichukue fomu. Akaniashiria ningoje. Akaileta ile fomu mbele yake juu ya kigoda, akachukua kibuyu, akajaza mdomo. Nikajua anachotaka kufanya, na kabla sijaamua ni dhambi gani kubwa zaidi, kumkatiza mzee au kuiacha karatasi ilowe, alikuwa ameshapuliza. Alipuliza juu ya ukurasa wa kwanza, akafunua akapuliza na wa pili. "Wewe unayetangulia," akaiambia fomu, "kama kuna hasira nyumba hii, naitoa. Nenda ukapokelewe." Wino wa jina langu ulitiririka. Niliikausha karibu na moto, mama mkubwa akinisaidia kuigeuza, na usiku kucha nilijifariji kwamba doa likikauka litafifia. Halikufifia. Liligeuka rangi ya chai, na fomu ikanuka mbangara na moshi kwa pamoja.

Mwalimu Jeremia aliipokea ofisini mwake asubuhi ya Jumatatu. Aliketi wima daima, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na alikuwa na tabia ya kuilaza karatasi sambamba kabisa na ukingo wa meza kabla ya kuisoma. Aliilaza. Akasimamisha mkono. Akainyanyua polepole mpaka puani.

"Dorika, hii ni nini?"

"Ni fomu ya skolashipu, Mwalimu."

"Naona ni fomu. Nakuuliza inanuka nini."

Ningeweza kusema ni mvua ya njiani. Watu wengi wameniambia baadaye kwamba ningesema hivyo. Nilisema, "Ni mbangara. Baba mkubwa aliitasia."

Aliiweka chini kama mtu aliyeshika uchafu. Akaniambia jina la shule yake haliwezi kuandikwa juu ya pombe ya matambiko. Akasema ana njia moja ya kunisaidia, na akaisema kwa sauti ya huruma: nisimame kanisani Jumapili, mbele ya watu, niseme kwamba aliyoyafanya Maghanga ni kazi ya shetani na kwamba nimejitenga naye. Nikifanya hivyo ataijaza sehemu yake, na ataandika barua ya kueleza doa. Nisipofanya, yeye hana mkono.

Sasa msomaji anielewe kwa nini nilikaa kitini pale Mwatate badala ya kumsifu. Jeremia mwenyewe alikuwa amekwenda Uingereza mwaka mzima, kozi ya walimu. Mama yake na baba mkubwa walikuwa majirani, shamba kwa shamba. Asubuhi ya safari yake mama huyo alimtasia nyuma ya nyumba, mwanawe akiwa na tai shingoni tayari, na aliyeshika kibuyu alikuwa baba mkubwa Maghanga. Kule juu jambo hilo lilijulikana kama jina la mto. Jeremia alikuwa ameupokea mnyunyizo ule usoni, akajifuta kwa leso, akaenda, akarudi, akapewa shule. Ndiyo maana pua yake haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilimwambia, "Mwalimu, na wewe ulitasiwa." Akanijibu, "Mimi nilitubu." Nikamuuliza alitubu mbele ya nani, na kama alimwita mama yake shetani mbele ya watu. Akasema nitoke ofisini.

Sikusimama kanisani. Singependa nionekane shujaa. Nilikataa kwa kiburi zaidi kuliko kwa mapenzi. Sikuwa na imani na kutasa, na nilikuwa nimemkasirikia baba mkubwa kwa kuharibu kazi ya usiku mwingi. Lakini kuja kusema uwongo juu yake ili Jeremia apate kunitia sahihi, hilo sikuliweza. Wazee wa kanisa wakakutana. Nikatengwa na meza ya Bwana, si kwa kosa nililofanya, kwa kosa nililokataa kulitangaza. Kila mara ya ushirika nilikaa benchi la nyuma na watoto wadogo na wake wa pili, na wanafunzi niliowafundisha kugawanya sehemu kwa sehemu walipita mbele yangu wakielekea madhabahuni, wengine wakinichungulia. Mama Mutua alinisubiri nje mara moja, yeye ambaye hakuwa wa kanisa letu, akasema, "Mwalimu, si ukuje kwetu. Sisi tunapiga ngoma na hakuna mtu ananusa karatasi." Nilicheka siku hiyo, na nadhani ndiyo mara pekee niliyocheka mwezi ule.

Niliituma fomu vilevile, na doa lake, ukurasa wa nne ukiwa mtupu. Nilijua nacheza kamari. Lakini alama zangu zilikuwa pale ukurasa wa kwanza, chini ya jina lililotiririka, na niliamini kwamba mahali fulani lazima kuna mtu ambaye akiona alama kama zile ataendelea kusoma mpaka ukurasa wa tatu. Na kweli, mwezi wa Juni barua ikaja: niliitwa mahojiano. Profesa mmoja wa kile chuo cha ng'ambo alikuwa anazunguka Pwani kwa gari akiwaona walioteuliwa, na sisi wa upande huu tungeonana naye Voi, katika nyumba ya wageni ya reli. Mama Mutua alilipiga pasi gauni langu kwa makaa, akaichunguza kola, akalipiga tena.

Tuliitwa wawili. Mwenzangu alikuwa kijana mmoja mtulivu kutoka Njukini, kule mpakani karibu na Taveta, ambaye viatu vyake vilikuwa vikubwa kuliko miguu. Tulikaa kwenye veranda tangu saa nne, na harufu ya nyama ya kuoka ikitoka ndani, mpishi akipita na sinia zilizofunikwa bila kututazama. Kijana aliniambia anataka kusoma udaktari wa mifugo, kwa sababu ng'ombe wa kwao wanakufa kila kiangazi kwa ugonjwa ambao una dawa. Nilimwambia habari ya mfereji. Alinielewa mara moja, akauliza maswali mawili mazuri kuhusu udongo. Nasema hili kwa sababu katika siku ile yote ndiye mtu pekee aliyeniuliza juu ya maji. Aliingia, akakaa kama robo saa, akatoka akijifuta jasho. Nikaitwa mimi.

Ndani kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa kijani, na watu watatu: profesa, mtu mzima mwenye uso mwekundu na macho ya upole, ofisa mmoja wa elimu, Mzungu pia, na bibi wa kuandika. Fomu yangu ilikuwa katikati ya meza. Kando yake kulikuwa na karatasi nyingine, na mwandiko wake niliutambua kutoka mlangoni. Ofisa alinisomea. Mwalimu Jeremia alikuwa ameandika mwenyewe, bila kuombwa na mtu, kuieleza kamati kwamba mwombaji ana akili lakini anatoka katika nyumba ya ulevi na matambiko, kwamba ametengwa na kanisa, na kwamba shule haiwezi kumdhamini. Herufi zilikuwa zimelala zote upande mmoja, nzuri kweli. Ofisa akaniuliza nina la kusema. Nikasema kilichotokea, kwa Kiingereza changu cha shule, kifupi na kwa ukweli: mzee alitoa baraka juu ya karatasi. Ofisa alitazama saa yake. Lakini profesa alikuwa ameinuka kitini. Akaichukua fomu, akaipeleka puani, kama Jeremia. Jeremia alikunja uso, huyu alitabasamu.

Aliniuliza mzee hushika kibuyu kwa mkono gani. Hupuliza mara ngapi. Je, mwanamke anaweza kupuliza? Je, hasira yenyewe inakaa moyoni au tumboni? Maneno anayosema ni ya kukariri au hubuni? Alikuwa na daftari lake mwenyewe na aliandika haraka, akiniambia polepole, polepole tafadhali. Mwanzoni nilifurahi, bwana. Nilidhani ni mlango wa kuingilia, kwamba mtu anaanza na doa kisha anafika kwenye kazi. Nikajibu vizuri. Nikajibu kila kitu. Kisha nikasema, "Ukurasa wa tatu nimeeleza kuhusu ugawaji wa maji." Akasema ndiyo, ndiyo, tutafika huko. Akaniuliza kama mzee akimeza badala ya kupuliza inakuwaje. Nikamwambia akimeza, hasira imebaki ndani. Hilo lilimpendeza sana, akalipigia mstari. Nikasema tena, "Bwana, nimeweka mfano wa hesabu pale mwisho." Ofisa akasema muda umekwisha na gari linangoja. Walinishukuru. Niliona kwa macho yangu kwamba ukurasa wa tatu ulikuwa umeshikana na wa pili kwa sukari ya lile doa. Hakuna aliyekuwa ameutenganisha. Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa kwenye kile kiti kimoja, na ule upande wa pili wa mbao palikuwa kimya kabisa, kwa maana Mama Mutua alikuwa ameelewa kutoka kwenye hatua zangu.

Jibu lilifika mwezi wa Septemba. Nafasi ilikwenda kwa kijana wa Njukini. Nimesikia alisoma, alirudi, ng'ombe wa watu wengi wakapona, na sijawahi kumwonea kijicho hata siku moja. Lakini ndani ya bahasha kulikuwa na barua ya pili, ya profesa mwenyewe. Alisema amesikitika kwamba nafasi ilikuwa moja. Alisema nina kipaji adimu cha kueleza. Alisema anarudi mwakani kuandika kitabu kuhusu mila za Wadawida, na je, ningependa kuwa msaidizi wake, nimpeleke kwa wazee na kumfasiria wanayosema, kwa posho nzuri? Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa. Jeremia na profesa hawajawahi kuonana, mmoja akiwa na Biblia na mwingine na daftari, na wote wawili waliona kitu kilekile. Mmoja aliona ushenzi, akanitupa. Mwingine aliona ushenzi, akautaka wote, na mimi niwe wa kuubeba. Msichana aliyekuwa na debe na saa ya kuazima hakuonwa na yeyote. Nilimjibu profesa kwa kurasa mbili za hesabu za mfereji, kuanzia mwanzo mpaka jibu, bila salamu na bila jina lake, sahihi yangu tu chini. Hakuandika tena.

Sasa nimebakisha jambo moja, na kwa kweli ndilo lililonifanya niandike, kwa sababu Jeremia na profesa ningeweza kuwasahau. Jumamosi moja ya Desemba, saa sita mchana, baba mkubwa Maghanga alibisha mlangoni kwangu Voi. Hakuwa ameshuka Voi kwa miaka. Alikuwa amevaa koti lake la pekee, jasho limemlowesha, na mkononi ameshika kibuyu. Nilimpa kile kiti, mimi nikakaa kitandani. Mama Mutua alileta chai, akamwamkia kwa heshima, akarudi kwake, na nikasikia kigoda chake kikisogezwa karibu na mbao. Mzee alikunywa chai yote kwanza. Kisha akasema nisimkatize.

Akasema, "Mwanangu, siku ile nilitasa kwa mdomo. Moyo ulikuwa umekataa."

Nilimwambia haidhuru, mambo yameshapita.

"Nimekuomba usinikatize. Mwadime nilimtasia kwa moyo wote." Mwadime alikuwa mwanawe wa kwanza, aliyechukuliwa na jeshi la Mwingereza wakati wa vita akaishia Burma, na sikuwa nimewahi kumsikia mzee akilitamka jina hilo. "Nilitoa kila kitu. Sikubakiza hata tone. Akaenda, hakurudi, hata nguo yake haikurudi. Halafu wewe unakuja na karatasi, unaniambia meli. Nikasema huyu haendi."

"Baba mkubwa, mate yako hayazuii meli."

"Najua," akasema. "Kwani mimi ni mtoto? Kwa hiyo nilipuliza karatasi. Mtu hutasiwa yeye, hatasiwi karatasi, wewe ni Mdawida unajua. Nilijua karatasi haipendi maji. Nilijua inaenda kwa Jeremia, na Jeremia namjua, kibuyu chake nilikishika mimi. Nilijua atanusa, na akinusa ataogopa watu wasije wakakumbuka yake."

Upande wa pili wa mbao kigoda kililia. Miezi tisa nilikuwa nimekaa benchi la nyuma kwa ajili ya mtu huyu. Nilikuwa nimekataa kumwita shetani, na yeye pale jikoni, na mkewe, alikuwa anauliza karatasi inakwenda wapi kwanza ili apige mahesabu yake. Na aliyapiga vizuri. Katika watu wote wa mwaka ule ndiye aliyekuwa na hesabu sahihi.

Akakisogeza kibuyu kwangu. Akasema ni maji ya muwa tu, aliyakamua alfajiri, hayajachacha, kwa hiyo kanisa halina la kusema. Akasema si kawaida mdogo kumtasia mkubwa, lakini ameuliza wenzake na wamemwambia inawezekana ikiwa mkubwa ndiye aliyekosa. "Sasa hasira iko kwako," akasema. "Itoe. Nimekuja kwa miguu mpaka Mwatate kwa ajili hiyo." Alikuwa mzee, miguu imevimba, na kati ya wote walionikosea ndiye peke yake aliyekuja kunitazama usoni akaniambia alichofanya. Nililijua hilo palepale, wala halikungoja uzee kunijia. Nikachukua kibuyu. Nikajaza mdomo. Yalikuwa matamu, bado na ubaridi wa milimani. Yeye aliinamisha kichwa, akafumba macho, akangoja mnyunyizo. Nikatafuta ndani yangu yale maneno, kwamba kama nina hasira naitoa, na nikaona kwamba ninayo, na kwamba ni yangu, na kwamba ndicho kitu pekee nilichobakiwa nacho kutoka katika mwaka mzima.

Alifumbua macho akaona koo langu likishuka.

"Umemeza," akasema.

"Nimemeza, baba mkubwa."

Hakunigombeza. Alikifunga kibuyu, akalifunga koti vifungo vyote, akauliza gari la Mwatate linaondoka saa ngapi. Nikamwambia saa nane. Sikumsindikiza.